Gereji ya Uani: Pikapu ya mzee imechoka, naanzia wapi?

Safari hii barua karibu zote ni za pikapu za zamani, nyingi Hilux, na nyingi zinauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti: nataka kuitengeneza mwenyewe nyumbani, alafu niiboreshe. Nimezipanga ninavyoona inafaa, ndefu nimeipa nafasi yake.

Shikamoo fundi. Niko Njombe, mzee wangu kaniachia Hilux LN106 ya 1994, singo kebini, forwili, injini ya dizeli inayoitwa 3L. Tambarare inatembea vizuri tu ila nikitoka Dar na mzigo nikifika mlima Kitonga mshale wa joto unapanda mpaka karibu na nyekundu, nasimama napoza ndo naendelea. Fundi wa kwanza alitoa themostati akasema haina kazi Afrika. Wa pili akaifunga feni kwa bolti ili isiteleze. Bado inachemsha. Sasa kuna jamaa ananishauri niweke turbo eti ndo mlima utapanda bila shida. Nina kama milioni mbili za kuanzia, nianzie wapi?

Marahaba mdogo wangu. Turbo, yaani kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi, weka pembeni kwanza, nitaifikia. Hebu soma tena ulichoandika mwenyewe: themostati imetolewa, feni imefungwa bolti. Mimi pikapu za zamani zikiletwa kwangu "kuboreshwa", kazi kubwa huwa sio kuongeza kitu, ni kurudisha vile ambavyo mafundi wa nyuma walivitoa wakasema havina kazi. Toyota hawakuweka kitu pale kwa ajili ya mapambo, hasa kwenye pikapu ya kazi.

Themostati, ile valvu inayofungulia maji njia ya rejeta yakipata moto, tuanze nayo. Watu wanadhani ni ya nchi za barafu tu. Injini ya dizeli inataka ifike nyuzi 80 na kitu ikae hapohapo, ikiwa ya baridi sana inakula mafuta na kuchafua nozeli. Lakini kuna jambo lingine ambalo ndo linakuumiza Kitonga. Kwenye Toyota nyingi za zamani ile themostati ina kisahani kwa chini, njia ya kwenda kwenye rejeta ikifunguka kile kisahani kinaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, kwa hiyo sehemu ya maji inazunguka humo ndani ikiwa ya moto vilevile na wala haijaonja upepo. Barabara tambarare hutaona tofauti, mlimani na mzigo utaona. Nunua mpya na kabla hujaifunga ining'inize kwa uzi kwenye sufuria ya maji jikoni, uone inafunguka maji yakikaribia zile nyuzi zilizogongwa juu yake (na hiyo sufuria usiirudishe kwenye ugali).

Feni nayo ile klachi yake ina mafuta ya silikoni ndani, imewekwa iteleze gari ikiwa ya baridi na ishike ikipata moto. Ikiisha, inateleza hata ikiwa ya moto, hapo unabadilisha, hufungi bolti. Ukifunga bolti inavuma kama ndege, inakula nguvu ya injini, na ukipita kwenye maji mengi yale mapanga yanaweza kupinda kuelekea kwenye rejeta yakaitoboa. Alafu niambie, ile plastiki ya duara inayoizunguka feni bado ipo? Nina wasiwasi haipo, maana ndo kitu cha kwanza kuvunjika na kutupwa. Bila ile, feni inavuta hewa ya pembeni badala ya kuvuta ile inayopita kwenye rejeta. Itafute kwenye spea za mtumba pale Ilala au Gerezani ukiwa Dar, sio kitu cha bei.

Mfuniko wa rejeta usiudharau. Huko kwenu nyanda za juu, zaidi ya mita 1,500, maji yakiwa wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki 100. Mfuniko mzima ule ulioandikwa 0.9 unabana presha mpaka maji yanavumilia nyuzi 115 na zaidi. Mfuniko umechoka springi? Umepoteza hiyo yote bila kujua. Na tafadhali, usiufungue gari ikiwa ya moto, kuna watu wana makovu ya usoni kwa sababu hiyo. Rejeta yenyewe iosheni kwa maji kutokea upande wa injini kwenda nje, tope na wadudu watoke walikoingilia. Ndani kama ina uchafu wa maji ya bomba wa miaka mingi, ipeleke kwa wanaozibua rejeta, hiyo nyumbani hutaiweza vizuri. Ukirudisha weka kulanti nusu na maji safi nusu, kulanti inazuia kutu ndani ya injini, sio rangi ya kijani tu.

Kabla ya kununua vyote hivyo lakini, pima kama hedi gasketi (ile inayoziba kati ya hedi na bloku) iko salama, maana umeichemsha mara nyingi. Asubuhi gari ikiwa imelala usiku mzima, fungua mfuniko wa rejeta, jaza maji, washa. Mapovu yakitoka mfululizo bila kuisha, moshi wa kwenye silinda unaingia kwenye maji. Au funga mfuniko, washa, shika hozipaipu ya juu: ikiwa ngumu kama jiwe ndani ya dakika moja wakati maji bado ya baridi, jibu ni hilohilo. Ikifikia hapo hedi inashuka, na usikubali fundi akuambie "tunaskimu tu (kuusawazisha uso wake) tunarudisha". Hedi za injini za L zinajulikana kwa kupasuka kati ya valvu zikichemshwa, zipimwe nyufa kwanza ndo ziskimiwe. Na gasketi haziko za unene mmoja, pistoni kwenye hii injini zinachomoza kidogo juu ya bloku, inapimwa zimechomoza kiasi gani ndo unachagua gasketi kwa alama yake. Fundi ambaye hajui hilo muache na amani yake.

Ukiwa hapohapo mbele ya injini, badilisha taiming belti. Kilomita 100,000 ndo mwisho wake, na ikikatika valvu zinakutana na pistoni, milioni zako mbili zimeisha siku hiyo. Kwenye dashibodi kuna taa imeandikwa T-BELT. Kama haiwaki hata ukiwasha swichi, kuna mtu alitoa balbu. Tena ile taa inawaka kwa kuhesabu kilomita tu, haijui belti iko hai au imekufa, kwa hiyo kama huna kumbukumbu ya lini ilibadilishwa, wewe badilisha.

Sasa turbo. 3L ina kompresheni ya zaidi ya 22 kwa 1 na nguvu zake ni farasi 90 hivi, ilitengenezwa ivute hewa yenyewe taratibu. Ukiisukumia upepo na kuiongezea dizeli joto linapanda sana, na wewe shida yako tayari ni joto. Kuna watu wamefunga na zinatembea, sikatai, ila wamefunga kwenye injini ambazo kupoza kwake kuko safi na wanajua kurekebisha pampu. Wewe rudisha vitu vyako, Kitonga panda na gia ya pili nyuma ya malori kama wenzako, mwakani tuongee tena.

Habari fundi. Mimi sio dereva, mume wangu ndo anasoma ukurasa wako na sasa kila Jumamosi analala chini ya pikapu kaipiga jeki, jeki yenyewe inavuja mafuta. Nikimwambia anasema ameweka na tofali. Nisaidie kumwambia. Mama wa wawili, Morogoro.

Mama, hapa naongea na yeye moja kwa moja. Kaka, jeki ni ya kunyanyulia, sio ya kushikilia. Tofali la bloku likibebeshwa uzito kwenye sehemu ndogo linapasuka ghafla, halitoi hata onyo, halipindi likakupa nafasi ya kutoka. Nunua stendi mbili za chuma, zinauzwa kwenye maduka ya spea. Kama hela haijapatikana tumia magogo mapana ya mbao ngumu yaliyopangwa msalaba, uweke chini ya difu au chasi, sio chini ya bodi. Tairi uliyoitoa isukumie chini ya chasi ilale pale, jeki ikisaliti gari litadondokea rimu. Matairi yaliyobaki chini yawekee kigingi, na hendibreki usiitegemee peke yake kwa sababu inashika nyuma tu, na wewe labda nyuma ndo umenyanyua. Ukimaliza kupanga itikise gari kwa nguvu kabla hujaingia. Mama, asipofanya hivyo ficha funguo za spana.

Mambo vipi kaka mkubwa. Napakia kabichi Lushoto nashusha Mombo na kwingine. Hilux yangu nyuma ilikuwa inalala sana nikaongeza springi, majani matatu kila upande, na nikapandisha kidogo. Mzigo sasa inabeba safi, lakini breki zimekuwa za ovyo, za mbele zinatoa harufu nikishuka, pedi zinaisha haraka, na juzi pedali ilishuka karibu na sakafu nusura niende korongoni. Fundi kabadilisha masta silinda (pampu kuu ya breki), hamna mabadiliko.

Poa mdogo wangu, na pole. Kwanza usishushe tena mzigo kwenye ule mlima mpaka umalize kusoma na kufanya hili, nina maana hiyo kabisa.

Lala chini kwa nyuma (kwenye stendi, umesoma hapo juu). Utaona fimbo ya chuma imeunganisha ekseli ya difu na kivalvu kilichofungwa kwenye chasi, paipu za breki zinapita hapo. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari ikiwa tupu bodi iko juu, valvu inapunguza presha ya breki za nyuma ili tairi zisikwame gari likaserereka. Ukipakia, bodi inashuka, fimbo inasukumwa, valvu inaachia presha nyingi zaidi nyuma. Sasa wewe umeongeza majani na umepandisha, bodi haishuki tena, na ile valvu mpaka leo inaamini gari yako tupu. Tani nzima ya kabichi inasimamishwa karibu yote na breki za mbele. Ndo harufu hiyo. Na wengine fundi akishindwa kutoa upepo kwenye mfumo anaing'oa kabisa ile valvu au anafunga fimbo kwa waya, usikubali, gari tupu kwenye mvua itakuzungusha.

Dawa yake ni kusogeza sehemu ilipofungwa ile fimbo kwa kiasi kilekile ulichopandisha gari. Umepandisha sentimita 5, chomelea au funga kipande kinachoipandisha fimbo sentimita 5 pale kwenye ekseli, alafu urefu wa fimbo unarekebishwa kidogo kwa nati zake. Kuna mafundi wenye geji za presha, ukimpata akupimie ndo sahihi zaidi. Jani moja kati ya hayo matatu litoe pia, gari ile ilitengenezwa kubeba tani moja hivi na wewe najua unapakia zaidi, springi zinavumilia lakini breki, bearing na chasi havijaongezwa.

Pedali kushuka sakafuni huku umetoka kushuka mlima mrefu, kisha ikirudi yenyewe baada ya kupoa, mara nyingi ni mafuta ya breki yamechemka. Mafuta ya breki yanavuta unyevu hewani. DOT 3 ikiwa mpya inachemka kwenye nyuzi 205, ikishavuta unyevu inashuka mpaka 140 hivi. Kila miaka miwili mwaga yote weka mapya, toka kwenye kopo lililofungwa, sio ile chupa ya soda iliyokaa gerejini. Kutoa upepo anza na tairi iliyo mbali zaidi na masta silinda, na usisahau kwamba ile valvu ya nyuma nayo ina nati yake ya kutolea upepo, wengi hawaijui ndo maana pedali inabaki laini hata wakibadilisha masta silinda mara ngapi. Kisha fungua drami za nyuma, nakuhakikishia virekebishaji vya lainingi vimekamata kutu.

Kushuka: gia unayopandia ndo unashukia. Ukiona mtu anashuka Lushoto na nyutro eti anaokoa mafuta, mpe nafasi apite.

Asalaam alaykum. Niko Unguja, pikapu imeliwa na kutu, chini ya milango na chasi karibu na springi za nyuma. Nitie puti nipige rangi mwenyewe?

Waalaykum salaam. Milango na bodi fanya utakavyo, hata puti, itakaa msimu mmoja au miwili alafu itavimba tena kwa sababu kutu iko nyuma yake. Kata mpaka ufike kwenye bati zima, chomelea kiraka, piga red oksaidi pande zote mbili, zibua yale matundu madogo chini ya mlango yanayotoa maji, mengi yamezibwa na rangi za zamani na ndo chanzo.

Chasi ni habari nyingine. Chukua nyundo ndogo igonge kila mahali. Panapolia ni pazima, panapotoa sauti ya kufa au nyundo inazama, pameliwa. Chasi haifichwi na puti, na kiraka chake hakichomelewi kwa mstari ulionyooka wima kwenye ukuta wa chasi, itapasuka pembeni ya mstari huohuo. Kinakatwa kwa ncha iliyochongoka pande zote mbili, kama umbo la almasi, ili nguvu igawanyike. Hiyo mpe mchomeleaji wa malori, sio wa mageti. Kabla hajawasha mashine toa waya za betri, na tenki la mafuta kama liko karibu lishushwe, sio kulifunika na gunia bichi. Baadaye osha chini kwa maji yasiyo na chumvi, hasa ukiendesha pwani karibu na maji, na ndani ya chasi nyunyiza oili nyepesi. Oili chafu ya injini watu wanatumia, inasaidia, ila inaharibu raba za bushi ikizifikia.

Fundi, Singida hapa. Taa za Hilux yangu za mbele hazionyeshi kitu usiku. Nimeona balbu za LED kali sana, nifunge?

Usifunge bado. Balbu za LED kwenye taa iliyotengenezwa kwa balbu ya kawaida mwanga unatawanyika, wewe unaona kweupe karibu na boneti na dereva anayekuja haoni chochote, anaweza kukuingia. Chukua mita. Injini ikiwa inaunguruma pima betri, utapata karibu volti 14. Sasa pima pale kwenye soketi ya balbu taa ikiwa inawaka. Ukikuta 12 au chini, balbu haina kosa, umeme unapotea njiani kwenye waya za miaka thelathini na ile swichi ya usukani. Umeme ukipungua sehemu moja ya kumi, mwanga unapungua karibu theluthi.

Safisha kwanza zile bolti za hasi kwenye bodi, wakati mwingine inaishia hapo. Isipotosha weka rilei mbili (swichi zinazoamshwa na umeme mdogo), moja ya fuli na moja ya dipu, waya nene kutoka betri yenye fyuzi yake karibu na betri, waya za zamani zibaki za kuamsha rilei tu. Angalizo moja ambalo linawatesa mafundi umeme: Toyota nyingi za zamani swichi ya taa inakata upande wa hasi, sio chanya, ukifunga rilei kwa mazoea ya magari mengine taa zitafanya maajabu. Na ukikuta kwenye boksi la fyuzi mtu kaweka waya au karatasi ya sigara badala ya fyuzi, ng'oa leo hiihii.

Habari yako mzee. Mimi ni wa Nakuru, niko na pickup Peugeot 504 ya petroli ilikuwa ya guka, babu yangu. Ikishika moto kwa jam inazima na haiwaki mpaka ipoe nusu saa. Makanika wamebadilisha pampu ya mafuta na plagi, wapi.

Nzuri kijana, na hongera kwa kuitunza, hizo zimelisha watu wengi Kenya. Usibadilishe kitu kingine kwa kubahatisha. Siku ikizima, hapohapo kabla haijapoa, chomoa waya mmoja wa plagi, uchomeke kwenye plagi ya akiba iliyogusa chuma cha injini, mtu apige stata. Hamna cheche? Ni koili au kondensa, vyote vina tabia ya kufa vikipata moto na kufufuka vikipoa, na kondensa ni ya bei ndogo kwa hiyo anza nayo. Ukiipeleka Kirinyaga Road, Nairobi, utapata hata kifaa cha elektroniki cha kuondoa kabisa zile pointi zinazokata na kuunga umeme wa koili, hicho ni kitu cha kuboresha ambacho nakiunga mkono.

Cheche zipo? Basi petroli inageuka mvuke kabla ya kufika kwenye kabureta, na Nakuru mko juu, inageuka mapema zaidi. Mimina maji juu ya kitambaa kilichofunika paipu ya petroli na pampu (mbali na waya za umeme), ikiwaka ndo hiyo. Angalia kati ya kabureta na manifoldi kama bado kuna ile gasketi nene ngumu ya kuzuia joto. Mara nyingi mtu aliifungua, ikavunjika, akaweka karatasi.

Nataka kutoa injini ya 2L niweke ya 5L kwenye Hilux yangu, itakubali? Na sheria inasemaje? Tabora.

Itakubali bila vurugu, ni familia moja ya injini, maunti na gia boksi vinaelekeana. Ukipelekewa injini ya 1KZ, ile ya kompyuta, kwa bei nzuri ikatae kama unataka kufanya kazi hii nyumbani, wayaringi yake itakumaliza. Nunua 5L yenye pampu yake na uiskie ikiunguruma kabla ya kulipa, uangalie inavyopumua kwenye mfuniko wa oili. Risiti iwe na namba ya injini, uilinganishe na ile iliyogongwa kwenye bloku hapohapo dukani, maana kadi ya gari yako ina namba ya injini ya zamani na lazima uende TRA, mamlaka ya mapato, wabadilishe. Usipofanya hivyo siku ya kuuza mnunuzi ataifunua boneti na kukuuliza injini hii umeitoa wapi.